Viunzi vya bure vyagombea wanagenzi Nachingwea na Ruangwa

MSOMAJI wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa bei za ufuta, mbaazi na korosho za kanda ya kusini. Bidhaa tunayoichambua wiki hii haina bei, haipimwi kwa mizani wala haipakiwi kwenye lori la kwenda bandari ya Mtwara. Ni kiunzi, yaani mfumo wa kuanzia kazi ya kutengeneza programu za kompyuta zinazofunguliwa kwa njia ya mtandao. Viunzi vya aina hii ni vingi, karibu vyote vinatolewa bure, na kila kimoja kina wapiga debe wake. Kijana anayeingia fani hii leo ni kama abiria aliyeshuka stendi na begi moja: huku anavutwa mkono aende Django, kule Laravel, kule Node, na kila mpiga debe anaapa kwamba gari lake ndilo linaloondoka sasa hivi.

Kwa Nachingwea na Ruangwa suala hili si la wapenzi wa kompyuta peke yao. Linagusa fedha za mkulima.

Mkulima wa Naipanga au wa Mbekenyera hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, AMCOS. Karani anapima, anaandika jina, kilo na daraja. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, stakabadhi inatolewa, kisha unaingia mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI, jina lililofumwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tangu msimu wa 2024 minada ya kanda hii imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi akishalipa, fedha zinateremka ngazi kwa ngazi, makato yanaondolewa, na kinachobaki kinaingia katika akaunti ya mkulima benki.

Sasa hesabu ni mara ngapi jina la mkulima huyo limeandikwa upya njiani: kwenye daftari la karani, kwenye karatasi ya Excel, kwenye orodha ya malipo. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa kijijini, hata mnada uwe wa kisasa namna gani, mtu huyo atakaa akisubiri wakati jirani yake ameshanunua bati. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisomba, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wauzaji ili kuwabaini walanguzi wa kangomba, na wapo waliosubiri kwa miezi. Daftari safi la chama lisingemaliza tatizo lote la msimu ule, lakini mwenye kumbukumbu zilizonyooka ana la kujibu mhakiki anapofika.

Hapo ndipo kijana aliyesoma kompyuta huulizwa swali: unaweza kututengenezea kitu? Ataulizwa na katibu wa AMCOS, na muuza salfa na viuatilifu, na mwenye malori mawili, na mwenye nyumba ya kulala wageni anayepokea wageni wa migodi ya grafaiti Ruangwa. Jibu lake linategemea kwa kiasi kikubwa gari alilopanda pale stendi.

KIUNZI NI NINI

Fundi anayejenga nyumba Nachingwea haanzi kwa kufua misumari. Ananunua misumari, mabati na saruji, kisha anashughulikia yale yanayomhusu mwenye nyumba. Programu za ofisi nazo zina kazi zilezile kila mahali: mtu aingie kwa jina na neno la siri, fomu ijazwe, kilichojazwa kihifadhiwe na kesho kipatikane, asiyehusika asione, na mhalifu asichomeke amri zake ndani ya fomu. Kiunzi ni kazi hizo zikiwa zimekwisha kufanywa na watu wengine, zikajaribiwa kwa miaka na kuwekwa hadharani. Kijana hubaki na yale ya Nachingwea: kilo, daraja, makato na msimu.

Vingi vya viunzi hivi ni programu huria. Maana yake ni kwamba leseni inakuruhusu kuichukua, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadili, na kumuuzia mteja kazi uliyoijenga juu yake bila kumlipa wala kumwomba aliyeianzisha. Kwa sisi tuliosoma biashara jambo hili linashangaza mwanzoni, maana tulifundishwa kwamba kitu cha bure kina bei iliyofichwa mahali fulani. Bei ipo, na tutaifikia. Ila haimo kwenye leseni.

Tuanze na kile ambacho ukurasa huu unakipigia debe, na tunasema hivyo waziwazi ili msomaji atupime.

Django (herufi ya kwanza haitamkwi) ilizaliwa katika chumba cha habari, jambo linalompendeza mwandishi yeyote. Mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza kurasa za mtandao za gazeti hilo kwa kasi ya chumba cha habari, ambako kazi inayoagizwa leo hutakiwa leo. Wakakusanya mambo waliyokuwa wakiyarudia kila mara, wakayaweka pamoja kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na Julai 2005 yakatolewa kwa umma chini ya leseni ya BSD. Jina ni la mpiga gitaa, Django Reinhardt. Tangu 2008 kiunzi hiki kina taasisi yake isiyo ya faida inayokilinda, kwa hiyo hakimtegemei mtu mmoja wala kampuni moja.

Chimbuko hilo bado linaonekana katika kazi. Tuchukue mfano wa chama cha msingi. Kijana anaandika kwamba kuna kitu kinachoitwa Mkulima, chenye jina, kijiji, simu na akaunti. Kuna kingine kinachoitwa Mzigo, chenye tarehe, zao, kilo, daraja na namba ya stakabadhi. Na kila Mzigo ni wa Mkulima mmoja. Mistari haifiki thelathini. Amri mbili baadaye sehemu ya kuhifadhia imejengeka, na akivisajili vitu hivyo, Django inamtolea yenyewe ukurasa wa usimamizi: orodha, kisanduku cha kutafutia, fomu ya kuongeza, na kumbukumbu ya nani amegusa nini na lini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivutia mimi. Daftari la karatasi likikwanguliwa kwa wembe, nani anajua?

Tahadhari moja hapo hapo. Ukurasa huo wa usimamizi ni wa watumishi wanaoaminiwa, si wa kufunguliwa kila mkulima. Wanagenzi wengi hulewa na urahisi wake wakaugeuza kuwa mlango wa mbele wa nyumba. Mkulima anayetaka kuona kilo zake atengenezewe ukurasa wake mdogo.

Jambo jingine ni shilingi na kilo. Kompyuta ikiachiwa ihesabu desimali kwa njia yake ya kawaida, moja ya kumi ikijumlishwa na mbili za kumi haitoi tatu za kumi kamili. Inatoka na mkia wa tarakimu nyuma yake. Kwa mzigo mmoja si kitu, lakini kwenye orodha ya malipo ya msimu mzima vitabu vinagoma kulingana na hakuna anayejua kwa nini. Django ina aina ya nafasi iliyotengwa kwa desimali kamili. Mwanagenzi aitumie kwa kila penye fedha au uzito, bila ubishi.

Halafu kuna suala la mtandao wenyewe. Kiunzi kinasemwa kuwa cha mtandao, lakini programu ya Django inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ya ofisi, kumbukumbu zote zikiwa katika faili moja la SQLite, ikafunguliwa na simu na kompyuta nyingine za ofisini kupitia kifaa cha Wi-Fi bila bando hata moja. Kwa chama kilichoko pembeni kama Kilimarondo hiyo ni tofauti kati ya kufanya kazi na kusubiri. Seva ndogo ya majaribio inayokuja ndani ya Django isitumike kwa kazi ya kudumu. Nyaraka zake zenyewe zinakataza. Zipo nyingine za bure kwa shughuli hiyo. Nyaraka hizo, kwa bahati nzuri, zinaweza kupakuliwa zote mara moja na kusomwa nyumbani bila mtandao, na ni miongoni mwa zilizoandikwa vizuri sokoni. Ziko kwa Kiingereza, jambo ambalo kwa kijana aliyetoka sekondari za kata ni mlima wake. Kiunzi chenyewe kinakitambua Kiswahili na sehemu ya maneno ya kurasa zake yameshatafsiriwa, ingawa si yote.

WAPINZANI

Kwa maoni ya ukurasa huu mpinzani wa kweli wa Django hapa nchini ni lugha ya PHP, na ndani yake kiunzi kiitwacho Laravel, kilichoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011 chini ya leseni ya MIT. Wanaokipigia debe wana hoja nzito. Nafasi ya kuhifadhi tovuti za PHP ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na kila kampuni ya huduma hiyo inayo. Unapakia mafaili, kazi inaonekana. Django kwa kawaida inataka ukodi kompyuta ndogo nzima huko mtandaoni, ambayo huanzia kama dola 4 hadi 6 kwa mwezi, tena ujue kuiendesha na uwe na kadi ya kulipia. Zaidi ya hayo mafundi wa PHP si adimu, na anayetafuta ajira mjini atakuta Laravel imetajwa. Upungufu wake kwa kazi yetu ni kwamba ukurasa wa usimamizi hauji nao: Nova, ule unaouzwa na wenye Laravel, ni wa kulipia, Filament, uliotengenezwa na wengine, ni wa bure na ni mzuri. Aliyekwisha kujua PHP hana sababu ya kuhama kwa sababu ya makala haya.

Node na kiunzi chake Express hutoa mbao na misumari, ramani utachora mwenyewe. Uhuru huo ni mtamu kwa fundi mzoefu na ni mtego kwa mwanagenzi. Ruby on Rails ya 2004 ni kazi nzuri, ila jaribu kumpata fundi wake Lindi.

WordPress si kiunzi kwa maana tunayoizungumza, lakini kwa nyumba ya wageni inayotaka kuonyesha picha za vyumba, namba ya simu na ramani, inatosha, na anayemwuzia mwenye nyumba hiyo mfumo wa Django kwa shughuli hiyo anamwibia kwa adabu. Na Excel, ambayo wapiga debe wote huidharau, ndiyo inayoshikilia vyama vingi leo. Chama chenye wakulima themanini na karani mmoja makini hakina haja ya zaidi. Haja inaanza pale watu wawili wanapoandika kwa wakati mmoja na kila mmoja akawa na nakala yake iitwayo "mwisho mpya 2".

GHARAMA YA BURE

Nachingwea ina kumbukumbu ya mashine zilizoletwa bila kufikiria zitatengenezwa na nani. Mpango wa karanga wa Waingereza, uliokuwa na mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulianza 1947 na kufikia 1951 ulikwishaachwa, ukiwa umemeza zaidi ya paundi milioni 30. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, vipuri vilikuwa taabu, ardhi haikupimwa ipasavyo. Reli iliyojengwa kutoka pwani ya Mtwara kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Programu ya chama ni kitu kidogo mno kufananishwa na mpango ule, lakini swali la fundi ni lilelile. Niliwahi kufanya kazi ya muda ya hesabu katika duka moja la jumla ambalo programu yake ya stoo ilitengenezwa na kijana hodari. Kijana akahama mkoa. Siku kodi ya ongezeko la thamani ilipohitaji safu mpya kwenye ankara, hakuna aliyeweza kuifungua, na hata neno la siri kuu lilikuwa kichwani mwake. Tulirudi kwenye karatasi kwa wiki tatu, na mwenye duka akaapa kutonunua programu tena.

Kiunzi huria kinachojulikana kinapunguza hatari hiyo bila kuiondoa. Mtu mwingine anayejua Django akifungua kazi iliyofuata utaratibu wake, anajua chumba kipi kina nini, kwa kuwa nyumba zote za Django zimegawanywa kwa namna inayofanana. Toleo la 5.2, lililotoka Aprili 2025, limeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Hapo kuna misimu mitatu ambayo mwenye chama anaweza kuipangia bajeti. Lakini anayelipa ndiye anayepaswa kudai makabidhiano: msimbo wote wa programu uachwe ofisini kwenye flashi, maneno ya siri yawekwe kwenye bahasha kasikini, nakala ya kumbukumbu ichukuliwe kila jioni, na matengenezo yawe na bei iliyoandikwa. Kijana anayekasirishwa na masharti hayo, msiendelee naye.

Ipo na sheria. Majina, simu na akaunti za wakulima ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayezikusanya au kuzichakata asajiliwe na Tume yake na azilinde. Kiunzi kitafunga milango mingi, mfano Django haihifadhi maneno ya siri kama yalivyoandikwa, lakini hakitamzuia karani kutuma orodha nzima ya wakulima kwenye kundi la WhatsApp.

WANAGENZI

Upigaji debe wa Django duniani umefanikiwa zaidi kwa mafunzo kuliko kwa sifa. Julai 2014 mjini Berlin, Ola Sitarska na Ola Sendecka walianzisha Django Girls, mafunzo ya siku moja ya bure kwa wanawake ambao hawajawahi kuandika programu. Kitabu chao cha mafunzo kiko wazi kwa yeyote, mwanamume au mwanamke, na hakidhani kwamba unajua lolote. Huku kwetu mkutano wa bara zima, DjangoCon Africa, ulifanyika kwa mara ya kwanza Zanzibar Novemba 2023, ukarudi Tanzania, safari hii Arusha, Agosti 2025. Hiyo ndiyo faida ambayo hatuioni kwa wapinzani kwa kiwango hicho: watu waliokuja hadi nchini kumfundisha mgeni.

Hata hivyo kwa mtu wa Ruangwa, Zanzibar na Arusha zote ni safari ya kuuza mbuzi. Bila vipindi vya Jumamosi mahali penye kompyuta na umeme, iwe Chuo cha Ualimu Nachingwea au sekondari yenye chumba cha kompyuta, debe litapigwa mbali na abiria. Gharama yake si ya kutisha: mwalimu mmoja anayelipwa nauli na posho, flashi iliyojaa Python, Django na nyaraka zake, na kompyuta za mtumba. Kuhusu kompyuta hizo, mnunuzi awe macho: Django 5.2 inataka Python 3.10 au zaidi, nayo haikubali kwenye Windows 7 ambayo bado imo katika mashine nyingi za mtumba. Dawa ni kuweka Linux, ambayo nayo ni ya bure na huifanya mashine nzee ipumue.

Vijana watauliza kwa nini wajifunze wakati akili mnemba inaandika programu yenyewe. Inaandika, na Django kwa kuwa ni ya siku nyingi inaiandika vizuri. Lakini makato ya korosho yakitoka yamezidi, atakayesimama mbele ya mkutano wa wanachama kueleza ni kijana, na hawezi kueleza asichokisoma.

Kuhusu muda, msimu wenyewe unapanga. Mwenye kuanza Januari ana kama miezi mitano kabla ufuta haujaingia maghalani, na inatosha kumaliza kitabu cha mafunzo na kutengeneza Mkulima na Mzigo. Ufuta upite kwa daftari kama kawaida, yeye akiiandika programu pembeni na kumsumbua karani kwa maswali. Mbaazi za Agosti na Septemba ziandikwe kote kuwili, na kila Ijumaa wawili hao walinganishe jumla za kilo. Jumla zikikubaliana hadi mzigo wa mwisho wa mbaazi, korosho za Oktoba zinaweza kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta, daftari likiwa kabatini, karibu.